Zuhair Aanza Jumatano

Barua kutoka shuleni ilisema Jumatatu, tarehe tano Januari, saa mbili asubuhi. Ruqaiya aliisoma kwa sauti pale ukumbini, akitua penye koma na kuvuta pumzi penye nukta, kama alivyofundishwa na Mwalimu Abigael katika darasa la ngumbaru. Barua yenyewe haikuwa ndefu, lakini yeye aliirefusha. Si kila siku mtu hupata karatasi yenye mhuri na jina la mwanawe.

"Rudia hapo penye siku," alisema mama mkwe wake, Bi Nana, asiinue macho kwenye ungo wa mchele.

"Jumatatu, mama. Tarehe tano."

Bi Nana akaokota kijiwe mcheleni, akakitazama kana kwamba ndicho kilichoandika ile barua, akakitupa uani.

"Basi Zuhair haanzi."

Zuhair mwenyewe, miaka minne na nusu, alikuwa chini ya kitanda cha kamba akijaribu kumvisha paka soksi mpya ya shule. Paka alikuwa na maoni yake, na mkono wa Zuhair ulikuwa na alama za maoni hayo.

Katika nyumba ya Bi Nana, pale Mambrui, mtoto huanzishwa masomo siku ya Jumatano na si siku nyengine. Ndivyo alivyofanya baba yake, aliyekuwa na chuo cha Kurani, na ndivyo alivyofanya babu yake. Mtoto huogeshwa, hufukizwa udi, huvishwa kofia mpya, halafu mwalimu humshika mkono wakaandika pamoja herufi ya kwanza. Wenzake huitikia amin, hugawiwa bisi, na mtoto hurudi nyumbani. Hiyo ndiyo siku yake ya kwanza. Lililoanzwa Jumatano, aliamini Bi Nana, halikatiki njiani. Na ushahidi alikuwa nao. Watoto wake watano, wanne walianzishwa Jumatano na wote walisoma wakamaliza. Wa tano, Lali, alianzishwa Jumamosi kwa sababu baba yake alikuwa na haraka ya safari.

"Na Lali je?" aliuliza Bi Nana. "Mpaka leo husimama chini ya kibao cha njia akauliza watu njia."

"Mama, hii ni shule ya serikali. Tarehe imepangwa Nairobi."

"Nairobi wana mwaka wao. Chuo chetu hufunguliwa mfungo mosi, mwezi baada ya Ramadhani, watu wakishafunga sita zao. Mwaka huu mfungo mosi umeangukia hapa, mwakani utaangukia pale, na hakuna aliyelalamika. Na ile korona? Mwaka mmoja shule zilianza Julai. Wa pili yake zikaanza Aprili. Dunia ilipasuka?"

"Haikupasuka, mama."

"Miezi waliiweza. Leo siku mbili ndizo ziwashinde? Jumatatu hadi Jumatano ni umbali wa kwenda wapi?"

Hata Ruqaiya aliona neno hilo lina mantiki. Tatizo lilikuwa nyuma ya karatasi. Aliigeuza, akasoma polepole zaidi. Darasa la chekechea lina nafasi arubaini. Mtoto asiyekuwepo siku ya kwanza ifikapo saa nne, jina lake litafutwa na nafasi kupewa wanaosubiri. Na waliokuwa wakisubiri walikuwa ishirini na sita. Chekechea nyengine ya serikali ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, ile ya malori ya chumvi, na hakuna mzazi mwenye akili timamu ambaye angemwachia mtoto wa miaka minne avuke pale. Kukosa nafasi hii kulikuwa ni kungoja mwaka mzima.

Na Ruqaiya alijua kungoja mwaka kunavyokuwa. Alipokuwa mdogo mama yake alihamahama na kazi za nyumbani, leo Malindi, kesho Watamu, na kila walipohamia walikuta shule zimeshafunguliwa na darasa limeshajaa. Rudi Januari, waliambiwa. Rudi Januari. Mara tatu. Alipoingia darasa la kwanza alikuwa na miaka tisa, magoti hayaenei chini ya dawati, na wenzake wakimwita shangazi. Alivumilia hadi la sita, akaacha. Kusoma kwa raha, kusoma kama anavyosoma sasa, alikujifunza jioni, akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa amejiapia kwamba neno "rudi Januari" Zuhair hataliskia.

Jioni alimpigia simu mumewe. Abdulghani alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Bofa, kule Kilifi, na Desemba yote huwa haonekani nyumbani kwa wingi wa wageni.

"Mamako ameikataa Jumatatu," Ruqaiya alimwambia.

"Yote?"

"Upande wa shule."

Kukasikika sufuria, kisha cheko. "Kuna mgeni hapa nilimwambia mwanangu anaanza shule Januari, akashangaa. Kwao wanaanza Septemba. Tumpeleke huko? Septemba ina Jumatano nyingi."

"Abdulghani, mimi sicheki."

"Najua, mpenzi. Lakini nimtoe mama kwenye Jumatano yake kwa simu? Na mimi ndiye shahidi wake wa kwanza! Nilianzishwa Jumatano na nilimaliza."

"Ulimaliza kwa alama gani?"

"Hilo mama hakuuliza." Sauti yake ikashuka. "Sikiliza. Asubuhi mama anapooga, mchukue mtoto uende naye. Akija kujua, ameshaketi."

Ruqaiya alilifikiri jambo hilo akiosha vyombo, na kadiri alivyolifikiri ndivyo lilivyomchukiza. Kumwiba mtoto ndani ya nyumba, akaanze maisha yake ya kusoma bila dua ya bibi yake? Bi Nana angenyamaza, na kunyamaza kwa Bi Nana kulikuwa na uzito kuliko kelele za watu wote wa mtaa. Na kulikuwa na jambo jengine, ambalo Ruqaiya hakumwambia mtu. Yeye hakuanzishwa na yeyote. Siku yake ya kwanza alisukumwa tu mlangoni akaambiwa kaa kule nyuma. Udi, kofia, mkono wa mwalimu juu ya mkono wa mtoto, yote hayo alimtakia Zuhair. Aliitaka Jumatano na alikitaka kiti.

Jirani yake Easter, mama mwenyeji wa Jilore aliyeuza mboga mlangoni pake, aliipata habari kesho yake kabla jua halijapanda vizuri.

"Bi Nana bado ameshikilia?" aliuliza akifunga mafungu ya mchicha.

"Kama kupe."

"Mwambie asiachie. Nzai wangu ni wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Jina la Zuhair likifutwa, Nzai anakikalia kiti kabla hakijapoa. Bi Nana nitamletea jogoo."

"Easter!"

"Nakutania, shoga yangu. Jogoo mwenyewe niko naye wapi?" Akafunga fungu moja zaidi. "Lakini sikutanii sana."

Siku hiyohiyo, Jumatatu ya mwisho ya Desemba, Ruqaiya alikwenda shuleni kumwomba mwalimu mkuu siku mbili. Langoni alimkuta mlinzi, mzee Kiponda, amechuchumaa akiyapaka mawe ya njia rangi nyeupe. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba na brashi ikaelekezwa darasani. Ndani, mwalimu mkuu mwenyewe, Mwalimu Zipporah, ambaye ndiye pia hufundisha chekechea, alikuwa amefunga kitambaa kichwani, anaburura madawati madogo kama mtu anayehamisha mbuzi wasiotaka kwenda.

Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaketi juu ya dawati.

"Mama Zuhair, mwaka jana nilingoja. Kuna aliyesema yuko Ganze matangani, ataleta mtoto baada ya wiki. Kuna aliyesema mtoto ana tetekuwanga. Kuna ambaye sare haijatoka kwa fundi. Nikafika Februari na viti kumi na kimoja vitupu, na watoto nje ya lango wanalia. Nikaapa. Saa nne nasoma majina, na asiyekuwepo kalamu inampitia."

"Hata siku mbili?"

"Nikimpa bibi ya Zuhair siku mbili, bibi ya nani nitamnyima?"

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomvunja Ruqaiya moyo. Alishukuru, akageuka aondoke. Ukutani karibu na mlango palikuwa na kalenda mpya, bado ina mikunjo ya kukunjwa, na juu yake kuna siku chache za Desemba zilizobanwa kwenye mstari wa kwanza. Akaweka kidole juu yake, tabia aliyoitoa ngumbaru. Jumatatu, tano. Kidole kikatambaa hadi Jumatano, saba. Kikasimama hapo kinyonge. Halafu, badala ya kushuka, kikapanda. Juu ya saba palikuwa na thelathini na moja.

"Mwalimu. Jumatano hii utakuwepo?"

"Keshokutwa? Nitakuwepo. Haya madawati hayana miguu ya kujipanga. Kwani?"

"Zuhair aanze Jumatano hii."

Mwalimu Zipporah akamtazama. "Shule imefungwa, mama."

"Aanze ikiwa imefungwa! Umshike mkono, herufi moja tu. Bibi yake asome dua, tugawe bisi, twende zetu. Jumatatu ataingia kama mtoto aliyeanza zamani."

Kutoka mlangoni kukaja kicheko cha mzee Kiponda, aliyekuwa amefuata maneno huku rangi ikimdondokea kiatuni. "Mpe, Mwalimu. Miaka yote hii kazi yangu ni kufukuzana na waliochelewa. Mzazi wa kuwahi namwona leo."

"Nusu saa," alisema Mwalimu Zipporah hatimaye. "Na kimyakimya. Ikisikika kwamba nafundisha watoto siku za likizo, na imekatazwa, nitaandikiwa barua ambayo hata wewe hutapenda kuisoma."

Bi Nana aliipokea habari kama anayepima kitambaa dukani, akiipindua huku na huku akitafuta pale palipotoboka.

"Mwalimu ni huyohuyo atakayemfundisha?"

"Huyohuyo."

"Na darasa ni hilohilo?"

"Hilohilo, mama."

"Na wenzake? Nani ataitikia amin? Nani atakula bisi? Mtoto haanzi peke yake, kama anayejificha."

"Nitatafuta watoto. Watano."

"Kumi."

"Mama, mwalimu amesema kimya."

"Saba," alisema Bi Nana, na kwa kuwa alianza papo hapo kutafuta mahindi ya bisi kwenye kabati, Ruqaiya alijua amekubali.

Watoto saba hawakuwa taabu kupatikana. Alianza kwa Easter. "Niletee Nzai Jumatano saa tatu, pale shuleni. Zuhair anaanza." Easter akasema sawa, na Ruqaiya akaenda nyumba ya pili na ya tatu. Ambalo hakulijua ni kwamba nyuma yake Easter alikuwa anamwambia mteja wa mchicha, kwa nia njema kabisa, kwamba Jumatano anampeleka Nzai shuleni. Mteja akauliza, shule si Jumatatu? Easter akasema, mimi nimeambiwa Jumatano. Mteja akaondoka na mchicha wake na habari yake. Kufika saa kumi, kwenye bomba la maji, habari ilikuwa shule zimesogezwa. Kufika magharibi, ilikuwa imetangazwa. Na watu waliamini bila shida, maana walishaona mwaka ukianza Julai na mwaka ukianza Aprili. Mwaka wa kuanza Desemba ungemshangaza nani?

Jumatano asubuhi Zuhair alioshwa hadi masikio yakang'aa. Alifukizwa udi, akavishwa kanzu na kofia aliyoshona bibi yake mwenyewe, na wakatoka watatu, Bi Nana mbele na kikapu cha bisi kichwani. Walipokunja kona ya shule, Ruqaiya alisimama ghafla.

Lango lilikuwa limezingirwa. Watoto kama hamsini, sare mpya, viatu vinavyometa, mmoja ana karatasi ya dukani bado inaning'inia kwenye kola. Kinamama, kinababa, bibi wawili. Katikati yao mzee Kiponda, amenyoosha brashi ya rangi kama upanga.

"Imefungwa! Nawaambia shule imefungwa!"

"Itafungwaje na leo ndiyo siku ya kufunguliwa?" aliuliza bwana mmoja mwenye mtoto begani.

"Nani amekwambia?"

"Serikali!"

"Serikali imekwambia wewe, mimi mlinzi haijaniambia?" Mzee Kiponda akawaona akina Ruqaiya, akawapungia brashi wapite.

"Mbona yule mwenye kofia anapitishwa?" mama mmoja alipiga kelele, akimwonyesha Zuhair. "Kiti cha mwanangu hicho anapewa!"

Mwalimu Zipporah alitokea upande wa darasani. Hakuwatazama wale hamsini. Alimtazama Ruqaiya peke yake.

"Mama Zuhair. Nilisema kimyakimya. Huu ni mtaa mzima."

Ruqaiya aliona kalamu. Aliiona waziwazi, ikipita juu ya jina la mwanawe kabla hata Jumatatu haijafika, na aliyeisukuma ni yeye mwenyewe. Miguu ilimwambia akimbie. Badala yake ilipanda juu ya moja ya mawe ya mzee Kiponda, lililokuwa halijakauka, na akahisi rangi ikipenya kwenye ndara.

"Jamani," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. "Jamani, nisameheni. Shule haijasogezwa. Ni Jumatatu, tarehe tano, saa mbili. Ni mimi niliyeomba mwanangu aanzishwe leo kwa ada yetu, kwa sababu ni Jumatano. Nikaalika watoto saba. Sijui nyinyi wengine mmetoka wapi."

Kelele zikazuka kila upande.

"Nimeamka alfajiri kumsuka mtoto huyu!"

"Mimi nimefunga duka!"

"Mwenzangu Easter, si wewe uliyesema?"

"Mimi nilisema Jumatano," alijitetea Easter, akimficha Nzai nyuma ya leso yake. "Hiyo serikali mmeitia wenyewe."

Hapo Bi Nana alikitua kikapu. Alikitua taratibu, akanyoosha mgongo, na watu wakampisha bila kuambiwa.

"Hawa watoto wametoka makwao siku ya Jumatano kuja kusoma," alisema. "Mimi niliomba saba, Mungu ameleta hamsini. Nani kati yenu ana ubavu wa kuwarudisha?" Kisha akamgeukia mwalimu mkuu, na sauti yake ikalainika. "Mwanangu, wewe shika mkono. Kelele niachie mimi."

Mwalimu Zipporah akatazama umati, akatazama kikapu, akamtazama yule bibi. Pembe ya mdomo wake ikacheza. "Kiponda," alisema, "fungua lango kabla hawajakufungulia wao. Nusu saa, na sifundishi, mnanisikia? Nashika mkono tu."

Waliketi barazani kwa safu, sare na kofia na vitambaa vyote vimechanganyika. Mwalimu Zipporah alichuchumaa, akamweka Zuhair baina ya magoti yake, akauzungushia mkono wake mkono ule mdogo wenye mikwaruzo ya paka. Chaki ikatambaa kwenye ubao wa mkononi. Ikatoka herufi a moja, imelala upande kidogo, ina tumbo kubwa. Bi Nana alisoma dua, sauti yake ikipanda na kushuka, na aliyeitikia amin kwa nguvu kuliko wote alikuwa mwalimu mwenyewe, ambaye Jumapili huimba kwaya. Easter naye aliomba kwa namna yake, macho yamefumbwa, kiganja juu ya kichwa cha Nzai. Bisi zilizopimwa kwa watoto saba zikawa tatu tatu kila mmoja, na hakuna aliyelia.

Kabla hawajatawanyika, Mwalimu Zipporah aliwasomea tena sheria yake ya saa nne. "Sasa hakuna atakayesema hakusikia," alisema. Mama aliyemsuka mtoto alfajiri alisema mtoto atabaki amesukwa hivyohivyo hadi Jumatatu.

Usiku ule Ruqaiya aliyafikiria yote akaona yamekwisha. Hakumfikiria Zuhair.

Jumatatu asubuhi, saa moja na nusu, sare imepigwa pasi na uji umepoa, Zuhair aliingia chini ya kitanda cha kamba akashika mguu wa kitanda kwa mikono miwili.

"Nimeshakwenda shule," alisema.

"Ulikwenda kuanza, mwanangu. Leo unakwenda kusoma."

"Nimesoma. Nimeandika. Nimerudi."

Ruqaiya alibembeleza. Alivuta mguu mmoja, kitanda nacho kikaja. Saa mbili ikapita. Alimweleza habari za marafiki, za picha ukutani, za Nzai atakayekuwepo. Saa mbili na nusu. Kisha sauti kutoka chini ikauliza swali moja.

"Kuna bisi?"

Ruqaiya alikuwa mtu wa kusema kweli. "Leo hakuna."

Mguu wa kitanda ukashikwa upya. Saa tatu ilipogonga, Ruqaiya alikuwa ameketi sakafuni, kitabu cha kwanza cha mwanawe mapajani, na machozi yamefika pale yanapongoja ruhusa.

"Ondoka hapo," alisema Bi Nana nyuma yake. Alikuwa amejifunga leso kiunoni. "Ukimwondoa kwa nguvu atailia shule mwaka mzima."

"Mama, saa nne wanafuta jina."

"Nimesikia, masikio ninayo. Washa jiko."

"La nini?"

"Bisi za Jumatatu," alisema Bi Nana, akitikisa kichwa na kumimina mafuta. "Marehemu babangu anisamehe."

Hakuna mahindi yaliyowahi kupasuka polepole kama yale. Ruqaiya alisimama jikoni na simu mkononi, saa mbele ya macho yake, akisikia moja, kimya, moja, mbili, kimya. Chini ya kitanda kilitoka kichwa. Sufuria ilipoanza kuvuma vizuri ilitoka miili miwili, Zuhair na paka. Bi Nana alimvisha mjukuu wake shati huku mkono mwengine ukitikisa sufuria, na viatu mtoto alivaa kinyume, na hakuna aliyejali. Wakatoka mbio, Ruqaiya na mtoto kiunoni, Bi Nana nyuma na sufuria ya moto iliyofungwa ndani ya leso, mwanamke wa miaka sitini na tisa ambaye kwa kawaida huomba msaada kushuka ngazi.

Mzee Kiponda aliwaona kwa mbali, akakimbilia lango. Alilifungua tu lote kama anayepitisha lori.

Kutoka dirishani kwa darasa Ruqaiya alisikia sauti ya Easter. "Na mtoto akiwa anatumia mkono wa kushoto, Mwalimu, mnafanyaje?"

"Mama Nzai, hilo ni swali la tisa. Niache nimalize majina."

"Nina mtoto mmoja, Mwalimu. Lazima niulize. Na uji wenu, mnatia sukari au hamtii?"

Nzai alikuwa mlangoni na mkoba mgongoni, wa kwanza kwenye safu ya wanaosubiri, hatua tatu kutoka kiti kitupu cha safu ya mbele. Easter, mkono kiunoni, alikuwa amesimama baina ya mwalimu na daftari lake. Alipomwona Ruqaiya dirishani alishusha mabega yote mawili.

"Sina swali jengine," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Mwalimu Zipporah, akainua kalamu. "Kwa mara ya mwisho. Zuhair Abdulghani."

"Yupo!" alipiga kelele Bi Nana kutoka uani.

"Mtoto ajibu mwenyewe."

Ruqaiya alimtua mlangoni. Watoto thelathini na kitu waligeuka. Zuhair aliwatazama, akakitazama kiti, akamtazama mwalimu aliyemshika mkono Jumatano. Mdomo ulikuwa umejaa bisi na hauwezi kusema kitu. Akainua mkono juu, akausimamisha hivyo, na huku umeinuliwa akaenda hadi kwenye kiti chake akakaa.

Kalamu ikashuka. Kutoka dirishani alikorudi, na daftari kwake likiwa juu chini, Ruqaiya alisoma alama iliyoandikwa mbele ya jina la mwanawe, na akaisoma tena.

Majina matatu yalipitiwa na kalamu asubuhi ile. Nzai aliitwa wa kwanza, na Easter akapiga kigelegele hadi mzee Kiponda akaja kuona kuna nini.

"Haya, kinamama, mnaweza kwenda nyumbani," alisema Mwalimu Zipporah, akifunga daftari. "Shule imeanza."

Ruqaiya akasogea kidogo ili Bi Nana naye apate nafasi dirishani, na hakuna aliyeondoka.